Vyumba 106 na Majini Wanne

Karatasi ilirudi nyumbani Alhamisi, imekunjwa mara nne. Juu yake pamechorwa boga lenye meno na popo wanaruka, na pembeni kwa wino mwekundu: 4 kati ya 20.

Binti yangu yuko darasa la tano katika shule moja ya kimataifa hapa Jeddah. Mwisho wa Oktoba walipewa hesabu za Halloween: mizimu minane inagawana peremende 96, mchawi ana popo kadhaa, theluthi yao wameruka, wamebaki wangapi. Baba yake alipoiona alisema mambo ya mizimu hayaingii nyumbani mwake. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, utotoni Maskati, alizunguka nyumba za majirani nusu ya Ramadhani akiomba halua na karanga katika Qaranqasho, na kwamba hapa Saudia nako wana Gargee'an yao. Akanijibu kuwa hiyo haina mizimu. Kweli haina. Lakini Riyadh penyewe, Oktoba 2022, watu walijaa Boulevard wamevaa vinyago vya kutisha, kwa hiyo mzazi asidhani mambo haya yatabaki Ulaya na Marekani.

Mimi kilichoniuma ni ile nne. Mtoto alikuwa ameanza kusema "mimi hesabu siwezi", na aliisema kama anayetaja namba ya kiatu chake.

Ijumaa baada ya Alasiri tukaenda Balad, mji wa kale wa Jeddah, ambao UNESCO iliuandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2014. Mtu wa pwani akiingia humo hajihisi mgeni. Kuta ni za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba kama vya Lamu, na yale madirisha ya mbao yaliyotokeza nje, yanayomfanya kila mgeni atoe simu apige picha, huitwa rawashin, na moja huitwa roshan. Ni roshani yetu hiyo hiyo. Kwa muuza ubani binti yangu alisikia sitta, sab'a, tis'a, akanivuta mkono: "Mama, anahesabu Kiswahili!" Nikamwambia sisi ndio tuliochukua sita, saba na tisa kwao, tukaacha nane yetu ya Kibantu katikati. Akataka kujua kwa nini nane ilibaki. Sikuwa na jibu.

Tukafika Nyumba ya Nassif. Ujenzi wake ulianza mwaka 1872 ukaisha 1881, na Mfalme Abdulaziz alikaa humo alipoingia Jeddah mwaka 1925. Mbele yake umesimama mwarobaini. Zamani watu waliiita nyumba yenye mti, kwa kuwa miti mjini ilikuwa adimu mno. Ngazi zake ni pana na za chini chini, na husimuliwa kwamba ngamia walipanda nazo hadi jikoni juu. Nyumba ina vyumba 106.

Hapo nikaitoa ile karatasi, nikaigeuza upande mweupe. "Majini wanne wanataka kugawana vyumba hivi sawasawa. Kila mmoja apate vingapi?"

Alikaa chini ya mwarobaini akaandika. Ishirini na sita, baki mbili. Akafuta, akarudia, akapata baki mbili tena. Machozi yakaanza kumlenga, maana hesabu za ile karatasi zote ziligawanyika bila baki, na kwake baki ilikuwa na maana ya kukosea. Nikamwambia hajakosea, nyumba ndiyo iko hivyo. Akajaribu majini watatu: thelathini na tano, baki moja. Watano, baki moja. Sita, baki nne. Wawili tu ndio waliotoshana, 53 kwa 53, na 53 nayo ikakataa kugawanyika kabisa. Hapo ndipo nilipomwambia neno namba tasa. Vile vyumba viwili vya baki akaamua ni vya ngamia.

Kutoka hapo tukaenda hadi ukuta wa makaburi ya Mama yetu Hawa, kaskazini ya mji wa kale. Masimulizi ya watu yanasema Bibi Hawa amezikwa hapo, na wengine hulifasiri jina la Jeddah kuwa "bibi". Jengo la kaburi lilibomolewa mwaka 1928, na mwaka 1975 mahali penyewe pakafunikwa saruji. Hatukuingia. Nilimsimulia kwamba Mwingereza Richard Burton alipita hapa mwaka 1853, akaandika vipimo vya kaburi: hatua 120 kutoka kichwani hadi kiunoni, na 80 kutoka kiunoni hadi kisiginoni.

Binti yangu akagawa kwa arobaini. Tatu kwa mbili. Kisha akadai apimwe na yeye, pale pale barabarani, kwa utepe wa fundi cherehani niliokuwa nao mkobani. Juu sentimita 55, chini 83. Akanyamaza muda mrefu. "Mama, mimi ni mbili kwa tatu. Huyu amegeuzwa juu chini!" Akacheka mpaka mzee mmoja mpita njia akatugeukia, nami nikaona haya kidogo, tuko ukutani mwa makaburi.

Usiku aliirudia ile karatasi yote, mizimu na maboga, baba yake amekaa karibu, hasemi kitu. Alikosa tatu.

Jumapili akaipeleka shule, na nyuma yake ameandika swali la vyumba 106 na majini wanne. Mwalimu akajibu kwa wino ule ule mwekundu: 26.5. Binti yangu akaja nyumbani amekasirika kwelikweli. "Chumba hakikatwi nusu," alisema, akitafuta kalamu.