Kiberiti Chini ya Mto

Babu yangu alilima tumbaku huko Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, kwa zaidi ya miaka 30, na aliivuta pia. Karo ya baba yangu ilitoka kwenye tumbaku hiyo. Kwa hiyo daktari alipomwambia aache, babu alicheka mpaka akakohoa.

Mapafu yalipochoka kabisa, tulimleta Kampala kwa baba mdogo, akawekewa mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Mashine hiyo huvuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21 tu, huchuja naitrojeni, kisha hupeleka puani kwa mgonjwa hewa yenye oksijeni asilimia 90 hivi.

Mwishoni mwa juma nilishinda naye mimi. "Mjukuu wangu, sigara moja tu. Nitavutia nje." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda dukani. Niliwaza kwamba mapafu yalikuwa yameshaharibika, moja ingeongeza nini?

Sikujua kwamba moshi una kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Yaani baba mdogo alilipia umeme wa kumpa babu pumzi, nami nikamnunulia kitu cha kumnyang'anya. Wala sikujua habari za moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila hufanya vitu vingine viwake upesi: nywele, shuka, hata mrija wa plastiki. Hata mashine ikizimwa, blanketi hubaki nayo kwa muda.

Babu hakutoka nje. Alivua mrija, akauweka juu ya mto huku mashine ikinguruma, akawasha kiberiti. Mimi nilikuwa jikoni nikipasha uji. Nilisikia sauti kama kitambaa kinachochanwa. Nilipofika, sharubu zilikuwa zimeungua na mto unawaka. Nilichomoa waya ukutani, nikautupa mto sakafuni, nikaumwagia uji wote.

Aliungua mdomo wa juu na vidole viwili. Baba mdogo alipouliza sigara imetoka wapi, babu alijibu kwamba aliileta mwenyewe kutoka Arua, mfukoni mwa koti. Nilinyamaza.

Ni miezi saba sasa. Babu havuti tena, mashine ingali inanguruma. Baba mdogo alijifunza Kiswahili jeshini na anakisoma vizuri kuniliko. Insha hii nitampa yeye kwanza.