Meya wa Kiganjani

Watu wa rika langu wana tabia ya kuihukumu michezo ya simu kabla ya kuitazama. Husema inapoteza muda, kisha huendelea na bao lao hadi magharibi. Mimi nilifundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika kazi ile nilizoea kuuliza maswali mawili juu ya kila zana iliyoletwa darasani: inafundisha nini hasa, na inaficha nini? Kwa hiyo mjukuu wangu alipomaliza kidato cha sita, akaniambia kwamba anataka kusomea mipango miji katika Chuo Kikuu Ardhi, na kwamba hamu hiyo aliipata katika mchezo uitwao SimCity BuildIt, sikukunja uso. Mlipaji wa ada ni mimi. Nilimwambia anitilie mchezo huo katika simu yangu, nami nikawa meya.

Mchezo wenyewe ulitolewa mwaka 2014 na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, na haulipiwi kuanza. Asili yake ni SimCity ya mwaka 1989, iliyobuniwa na Will Wright. Katika ule wa zamani mchezaji alitenga maeneo ya makazi, ya biashara na ya viwanda, akapitisha barabara na umeme, akapanga kodi, kisha akangoja aone kama watu watakuja. Katika huu wa simu meya ndiye kila kitu. Viwanda vyake hutoa chuma, magogo na plastiki. Duka lake hufua misumari. Na kila nyumba ikitaka kukua humdai yeye vifaa. Chuma huchukua dakika 1, misumari dakika 5, kioo saa 5. Sijapata kumwona meya anayegawa misumari, lakini tuliache hilo.

Nianze na sifa zake, maana anazo. Mchezo huu haukuruhusu kusahau maji safi, maji machafu, taka na zimamoto. Ukijenga nyumba nyingi bila kuongeza mtambo wa maji, alama hutokea juu ya mapaa na wakazi hununa. Ukiongeza ghorofa, barabara husongamana hadi uipanue. Nimewahi kufundisha somo la makazi kwa ubao na chaki, wanachuo wakinakili orodha ya huduma za jamii na kuisahau siku ya pili ya mtihani. Kijana huyu hawezi kuisahau, kwa sababu alikwisha kuhamwa na wakazi wake.

Kadhalika linanipendeza suala la moshi. Nyumba ikiwa jirani na kiwanda, wakazi huikimbia. Hapo ndipo nilipomwuliza mjukuu wangu juu ya Wazo, njiani kwetu kwendea Dar es Salaam, ambako kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1966. Je, watu walikikimbia? Walikifuata. Nyumba zimekisogelea mwaka hadi mwaka, kwa kuwa palipo na kiwanda pana kibarua, na palipo na kibarua mama ntilie hauzi chakula kikalala. Mchezo unajua kwamba moshi ni mbaya. Haujui kwamba mtu anaweza kulijua hilo vizuri kabisa na bado akajenga pale pale.

Kasoro inayosemwa sana ni ya fedha. Ghala hujaa upesi, kioo hakiishi kupikwa, na pembeni kuna noti za kijani zinazomaliza kazi papo hapo. Noti hizo hupatikana kidogo kidogo kwa kucheza, au kwa wingi kwa kulipa fedha halisi. Hizo saa 5 za kioo hakuzipanga fundi. Alizipanga muuzaji, na bidhaa anayouza ni subira yako. Nilipomweleza jirani yangu, ambaye aliwahi kufuatilia hati ya kiwanja kwa miaka mingi, alicheka hadi akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "mbona mchezo huo unaijua dunia?"

Hata hivyo kasoro hiyo hainisumbui sana. Kijana akinyimwa vocha atajifunza kungoja. Inayonisumbua ni kwamba katika mji ule hakuna mtu anayejenga isipokuwa meya. Dar es Salaam ilitungiwa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, na kila mara watu walifika kabla ya ramani. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa. Siwalaumu, watoto hawalali ndani ya mchoro. Mpanga miji wetu hapewi ardhi tupu. Hupewa Manzese iliyokwisha kujaa, akaambiwa apitishe mfereji.

Tena meya wa simu akiona nyumba imekaa vibaya, huigusa kwa kidole, akaiinua, akaiweka kwingine. Halipi kitu. Nyumba haina kaburi nyuma yake wala mnazi uliopandwa na marehemu. Sisi wa Bagamoyo tunalijua jambo hili kwa mradi wa bandari ya Mbegani. Mkataba wa awali na Wachina ulitiwa saini mwaka 2013. Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi Oktoba 2015, Rais Magufuli akaukataa kwa masharti yake mwaka 2019, na Juni 2021 Rais Samia akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Msomaji ahesabu mwenyewe miaka hiyo, kisha ajiweke katika nafasi ya mkulima wa upande ule, kila masika akijiuliza kama apande mwembe au asipande. Hakuna alama inayotokea juu ya paa lake.

Na mji wa simu haufilisiki. Ngazi ya meya hupanda tu, haishuki. Sisi tunaishi katika mji ulioshuka. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi mwaka 1891, yakahamishiwa Dar es Salaam kwenye bandari ya kina, kwa sababu pwani yetu ni maji mafupi na meli hutia nanga mbali. Kabla yetu Kaole nayo ilikuwa na siku zake. Ningependa kijana anayetaka kupanga miji ajue jinsi ya kukaa katika mji ambao biashara imeuacha, atengeneze nini na aache nini.

(Shule za mchezo ule huwekwa tu zikaanza kazi siku hiyo hiyo. Hazihitaji mwalimu wala nyumba ya mwalimu. Maofisa kadhaa niliowahi kuwafanyia kazi wangeupenda.)

Nilimweleza mjukuu wangu haya yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Babu, kwa hiyo nisiende?" Nikamwambia aende, ada ipo, ila kwanza achukue daftari, ashuke Mapinga, ambako mashamba yamegeuka viwanja mbele ya macho yetu, awaulize wazee maji ya masika yalipita wapi kabla ya nyumba kujengwa. Alirudi siku ya tatu na ramani yake mwenyewe, iliyochorwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkondo wa zamani unapita katikati ya nyumba tatu. Mbili zina watu, ya tatu ni msingi tu, na mwenyewe yuko Mwanza. Amejaribu kuuzungusha mfereji upande wa kaskazini, ukagonga kisima. Upande wa kusini, ukagonga madrasa. Jumamosi baada ya alasiri tutakwenda pamoja kumwona mwenye nyumba ya kati.