Bustani za juu, na milima yetu ya Bukavu

Anayefika Bukavu kwa meli kutoka Goma huuona mji mzima kabla hajatia mguu bandarini. Mbele kuna zile rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, Labotte, Muhumba, Nguba, zenye miti mikubwa tangu wakati mji ulipoitwa Costermansville. Nyuma, juu, kuna Kadutu: nyumba imepanda juu ya nyumba, bati linagusa bati, hata jicho linakosa pa kutua. Wageni husema mji wetu ni mzuri, na wanasema kweli. Ila uzuri huo unaonekana ukiwa majini. Ukiwa ndani yake, na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, hupati mahali pa kukaa uutazame.

Tulianza kuzungumza jambo hili baada ya dada zetu walioko Ufaransa kututumia picha za bustani iliyo juu ya daraja. Iko Paris. Zamani ilikuwa njia ya reli kutoka Bastille kwenda Vincennes, ikapita juu ya matao ya matofali. Treni iliacha kupita mwaka 1969, na kwa miaka mingi matao yakabaki bure. Mwaka 1993 wakafungua hapo bustani ya kutembea, kilometa 4 na nusu, na sehemu yake ya mwanzo iko juu kama nyumba ya ghorofa tatu. Kuna mawaridi, kuna mabenchi, na chini ndani ya matao wanafanya kazi mafundi wa mikono. Mama anasukuma mtoto kwenye kigari bila kuogopa gari hata moja.

New York nao wana yao, High Line, reli ya mizigo ya miaka ya 1930 ambayo treni yake ya mwisho ilipita 1980. Kuna waliotaka ibomolewe. Mwaka 1999 wakaaji wawili, Joshua David na Robert Hammond, wakaanzisha chama cha kuitetea, na sehemu ya kwanza ikafunguliwa 2009. Leo watalii wanajaa. Lakini kodi za nyumba za jirani zilipanda sana, na Hammond mwenyewe alikiri baadaye kwamba wangewauliza mapema maskini wanaokaa pembeni wanahitaji nini, badala ya kuwauliza tu bustani ifanane vipi. Neno hilo tuliliweka moyoni.

Sisi hatuna reli ya kupandia maua. Lakini hatuhitaji matao: Mungu ametuinulia ardhi yenyewe. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kutoka hapo mji unapanda tu. Jumapili moja, baada ya misa na ibada, tulipanda kwa miguu kutoka Nyawera mpaka juu Kadutu, wamama tisa na watoto wetu, tukitafuta kila mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kugongwa. Viwanja vya shule vilikuwa vimefungwa. Uwanja wa Concorde upo, lakini ni wa mpira na mikutano, na mtoto wa miaka minne hana lake pale. Ua wa kanisa, ndiyo, mpaka mlinzi aseme basi. Vingine vyote ni njia, na kwenye njia kuna moto zinazoteremka bila breki. Wavulana walikuwa wakicheza na mpira wa plastiki, mmoja amewekwa kona kupiga kelele moto ikija. Hiyo ndiyo kazi yake katika timu.

Juu kabisa tuligeuka. Ziwa lote lilikuwa mbele yetu, na ng'ambo ya Ruzizi milima ya Rwanda. Watoto walinyamaza wenyewe. Hakuna benchi la Paris lenye kuona hivyo. Tulikaa juu ya mawe ya msingi wa nyumba ya mtu, kwa ruhusa yake.

Kuna wengine wanaopita hapo ambao hawana hata nafasi ya kugeuka: wamama wabeba mizigo. Mama amebeba unga au makala mgongoni, kamba kwenye paji la uso, anapanda ngazi za udongo. Akitua chini hawezi kuinuka bila mtu wa kumtwika. Tuliwauliza wawili wangependa nini njiani. Hawakutaja maua. Walitaka ukuta mfupi wa mawe, wa kimo cha kiuno, pa kuegesha mzigo, na mti wa kivuli juu yake.

Na ardhi nayo ina madai yake. Funu inasogea, kila mmoja wetu anajua mtu ambaye ukuta wake umepasuka. Kila Septemba mvua zikirudi, wamama wa kwenye miteremko hulala na sikio wazi. Vetiva, lile jani la mizizi mirefu, na mianzi vinashika udongo wa juu usichukuliwe na maji. Maporomoko yanayotoka chini sana havizuii, tusidanganyane. Kwa hiyo mahali kama hapo pasijengwe tena. Mti ukisogea na udongo hakuna anayelia. Tena nafasi wazi kati ya nyumba za mbao ni ulinzi wa moto. Kadutu imeungua mara nyingi, na gari la zimamoto halipati pa kupita.

Kwa hiyo tunapoomba bustani ya juu, tunaomba vitu hivi pamoja: pa mtoto kucheza, pa mama kutua mzigo, pa udongo kushikwa, pa moto kuishia. Wasiwasi wetu ni mmoja. Nafasi ikisafishwa na kupendeza, kesho yake huja mtu na karatasi akisema ni parseli yake. Tumeona hivyo kwa nafasi za wazi za mji huu, hatuhitaji kueleza zaidi. Na mteremko uliokatazwa kwa maskini tusije kuukuta umeota ukuta wa tajiri.

Chefu wa avenyu amekubali kutuonyesha vipande viwili ambavyo havina mwenyewe, na tumemwomba aviandike kwenye karatasi yenye muhuri wa komine kabla hatujatia jembe. Barua tumeiandika, inahitaji sahihi za wakaaji wa kuanzia nyumba za chini, maana maji yakishuka ni wao yanaowafikia. Jumamosi baada ya salongo tutapita nyumba kwa nyumba. Mwenye miche ya mwavoka au vetiva ya kugawa aseme kwenye mkutano wa likelemba. Mawe ya ule ukuta wa kiuno tayari tumeahidiwa na mama mmoja anayevunja kokoto.