Mafigo, Chumvi, na Mkono wa Kaka Yangu

Mtoto mmoja wa darasa la tano aliniuliza swali ambalo wenzake walilicheka, lakini mimi sikulicheka. Alisema, "Mwalimu, kwa nini mwezi wa Juni twaamka usiku kwenda haja ndogo mara mbili, na mwezi wa Oktoba hatuamki hata mara moja?" Kila mtu akaaye Songea ajua kuwa mtoto huyo alisema kweli. Juni na Julai baridi hushuka kutoka milima ya Matogoro, hata watoto huja shuleni wamejifunika kanga za mama zao. Oktoba jua huwaka na vumbi hupanda. Maji tunywayo pengine ni yale yale, ila wakati wa joto mengi hutoka kwa jasho, na wakati wa baridi hupita katika mkojo. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Nyuma yake liko swali kubwa zaidi: ni nani apimaye? Ni nani ndani ya mwili ajuaye kuwa leo maji yamepungua, basi yazuiwe, na kesho yamezidi, basi yaachiliwe?

Tazameni mto Ruvuma, utokao huko Matogoro. Hauna mlinzi. Wakati wa masika hufurika, na wakati wa kiangazi hupungua, hata watu huuvuka kwa miguu mahali pengine. Damu ya mtu haiwezi kuachwa hivyo hata siku moja. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Ikipungua sana, ubongo hukosa riziki yake naye huanguka. Ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa huumia. Kwa hiyo wako walinzi, tena zaidi ya mmoja.

Wa kwanza ni mwepesi. Katika mishipa mikubwa ya shingo, na katika ule utokao moyoni, mna sehemu zihisizo jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Mtu akiinuka kitandani, damu kama nusu lita au zaidi hushuka miguuni. Mara ubongo hupata habari, moyo hupiga upesi, na mishipa hujikaza. Haya yote hutimia kabla mtu hajafika mlangoni. Mtoto aangukaye mstarini asubuhi, baada ya kusimama juani kwa muda mrefu bila kunywa kitu, si lazima awe na pepo. Mlazeni, mwinueni miguu, damu itarudi kichwani.

Wa pili ni mlinzi wa kiu. Katika ubongo mna mahali paonjapo damu kama mama aonjavyo mchuzi. Chumvi ikizidi hata kwa sehemu 1 au 2 katika 100, hapo hutoka amri mbili: mtu aone kiu, na mafigo yazuie maji. Pombe huivunja amri hii ya pili. Ndiyo sababu mnywaji wa komoni hutoka nje usiku kucha, kisha huamka na kinywa kikavu, ijapokuwa amejaza tumbo kwa kinywaji.

Lakini mlinzi mkubwa, tena mwenye subira, ni mafigo yenyewe, mawili, kila moja kama ngumi ya mtu. Kwa siku moja huchuja kama lita 180 za maji ya damu. Wamama wa kwetu waujua uzito wa hesabu hiyo: ni ndoo 9 za lita 20. Katika hizo, mkojo hutoka kama lita 1 na nusu tu. Mengine yote hurudishwa katika damu, pamoja na karibu chumvi yote. Figo likiona damu yaja kwa nguvu kidogo, hutoa kitu kiitwacho renini, ambacho huanzisha kazi ya kukaza mishipa na kuziamuru tezi zilizo juu ya mafigo zizuie chumvi isipotee. Chumvi ikizuiwa, maji hukaa pamoja nayo, na nguvu ya damu hupanda. Renini iligunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman huko Stockholm, katika nchi ya Uswidi, walipowatia sungura maji yaliyokamuliwa katika figo, wakaona shinikizo la damu lapanda. Ni mwaka ule ule Wabenediktini walipoanza misheni ya Peramiho. Mambo haya mawili hayahusiani, ila yanisaidia kuukumbuka mwaka.

Basi figo ni msimamizi bahili wa chumvi, naye alikuwa na sababu. Katika nchi nyingi za bara wazee walipata chumvi kwa taabu: walichoma majani na nyasi za bwawani, wakachuja majivu yake. Chumvi ile aghalabu ilikuwa na potasiamu nyingi, ambayo huyasaidia mafigo kutoa sodiamu. Chumvi ya dukani ni ya sodiamu, nayo ndiyo ivutayo maji. Siku hizi chumvi ya dukani ni rahisi kuipata, walakini yule msimamizi hajabadili desturi yake.

Kaka yangu mkubwa alifanya kazi Dar es Salaam miaka 22, akazoea chakula cha barabarani na kunyunyiza chumvi kabla ya kuonja. Aliporudi kwetu alipimwa, shinikizo likawa 180 kwa 110. Kuanzia 140 kwa 90 waganga huhesabu kuwa ni juu. Akapewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, mimi siumwi kichwa, nalima tangu alfajiri. Niteketeze fedha kwa ugonjwa usioniuma?" Asubuhi moja ya mwezi wa Machi mkono wake wa kuume ulilegea, na mdomo ukaenda upande.

Alipokuwa angali hospitali, ndugu walimtaja jirani ambaye kaka yangu aligombana naye juu ya mpaka wa shamba. Jioni ile vijana walikuwa wamekwisha kukusanyika, nao hawakuja kuzungumza. Nikawaomba wazee wa ukoo waketi kwanza. Nikachora mafigo mchangani kwa kijiti, nikawaeleza habari za Wajaluo wa magharibi ya Kenya. Wachunguzi waliwafuata waliohama vijijini kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na matokeo yakatangazwa mwaka 1990: wahamiaji shinikizo lao lilipanda upesi baada ya kufika mjini, na katika mkojo wao sodiamu ilikuwa imezidi kwa kulinganisha na potasiamu. Nikauliza, "Je, watu wale wote walirogwa na jirani mmoja?"

Mzee mmoja akacheka. Mwingine hakucheka. Akasema, "Mwalimu, chumvi twala sote. Mbona yeye?" Swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu kuwa miili haifanani. Umri, unene, tumbaku na pombe vina sehemu yao, na mengine mtu huyarithi. Tena nikasema kuwa baba yetu naye alianguka vivyo hivyo akiwa na miaka 58, na wakati ule jirani huyo alikuwa hajahamia kijijini. Hilo la mwisho ndilo lililowatawanya, si michoro yangu.

Kaka yangu sasa hutembea kwa fimbo, na mkono haujarudi sawasawa. Vidonge vyake hukaa juu ya redio, asipate kuvisahau. Shemeji amekiondoa kikopo cha chumvi mezani. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, hata ile iliyomo katika chakula, haizidi kijiko cha chai kisichojaa, kama Shirika la Afya Duniani lishaurivyo. Majuma matatu kaka yangu alinung'unika kuwa mboga za nyumba ile hazina ladha. Juma la nne aliletewa dagaa kutoka nyumba nyingine, akaonja, akasukuma bakuli, akasema ni wa chumvi mno.