Kaskazini Inaishia Wapi?

Mwaka 2018, mjukuu wangu aliyekuwa akisoma chuo Dar es Salaam alikuja likizo hapa Maisaka akiwa na swali. Wenzake wa bwenini walikuwa wamejigawa kikanda, kama vijana wafanyavyo kwa mzaha: hawa wa Kanda ya Ziwa, hawa wa Nyanda za Juu Kusini, hawa wa Kaskazini. Alipofikiwa yeye na kusema anatoka Babati, wa Arusha na Moshi walisema si mwenzao, wa Dodoma na Singida nao wakasema si wao. Akaniuliza, "Babu, sisi ni wa kanda gani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Sisi ni watu wa Kaskazini." Bibi yake, aliyekuwa akipeta mbaazi kibarazani, alisema pasipo kuinua uso, "Mwalimu, usimdanganye mtoto."

Ndugu msomaji, nimefundisha miaka karibu arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Nimezoea kusahihisha, wala si kusahihishwa. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, na katika kurasa hizi nataka kulipima, kwa sababu baadaye lilikuja kunigharimu.

Swali lenyewe halikuwa geni kwangu. Mwaka 1970 nilipokwenda Chuo cha Ualimu Mpwapwa, tulisafiri kwa basi kupitia Kondoa, siku nzima ya vumbi hadi Dodoma, kisha tukaendelea. Vijana wa Kigogo walinipokea vizuri sana, wakaniita "Mwarusha", ingawa sikuwa Mwarusha wala sikujua neno moja la Kimaasai. Likizo zilipokuja, wenzangu wa Kilimanjaro walinicheka kwa kupenda mlenda, wakaniita mtu wa Kati. Basi chuoni nilikuwa wa Kaskazini, na safarini nikawa wa Kati. Nilidhani ni utani wa vijana. Kumbe hata wakubwa wenye ofisi na ramani hawajakubaliana.

Tuanze na serikali. Wakati wa Mwingereza, Mbulu, ambayo ndani yake ndimo tulimokuwa sisi wa Babati, ilikuwa katika Jimbo la Kaskazini lenye makao yake Arusha. Kondoa ilikuwa katika Jimbo la Kati, makao Dodoma. Mpaka ule ulirithiwa na mikoa baada ya Uhuru. Mwaka 1985 wilaya ya Babati ilizaliwa kutoka Hanang, na mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Arusha, makao yake yakawa hapa Babati. Kwa hesabu hiyo jibu ni jepesi: Kaskazini inaishia pale Kondoa inapoanzia.

Lakini hebu uchukue ramani nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mvua, hutuweka pamoja na Arusha na Kilimanjaro, katika nchi ya misimu miwili, vuli na masika. Dodoma na Singida huwekwa katika nchi ya msimu mmoja. Watafiti wa kilimo nao walituweka Kaskazini, chini ya kituo cha Selian kilichoko Arusha. Ila utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 uliiweka Manyara katika Kanda ya Kati, pamoja na Dodoma na Singida. Maana yake, wingu likipita juu ya Maisaka ni la Kaskazini, na mtoto akizaliwa chini ya wingu hilo ni wa Kati.

Mimi ni mtu wa ubao na chaki, kwa hiyo niliacha ofisi nikaanza kutazama vitu vyenyewe. Nikaanza na nyumba. Kule Uchaggani wazee walijenga msonge wa majani. Ugogoni, Unyaturu na Urangi walijenga tembe, nyumba ya paa bapa lililofunikwa udongo. Sasa basi, sisi Wagorowa tulijenga nini? Tembe. Na ndugu zetu Wairaqw wa Mbulu? Tembe vilevile. Marehemu baba yangu alizaliwa ndani ya tembe chini ya mlima Kwaraa. Ukifuata paa, Kanda ya Kati inapanda hadi Mbulu, karibu na ukingo wa Ngorongoro.

Nikatazama chungu. Ukienda Moshi utakuta ndizi, mtori na mbege. Ukienda Kondoa utakuta uwele, ulezi na mlenda. Hapa kwetu tunakula ugali wa mahindi, na mbaazi zetu zinavuka bahari hadi India. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei iliporomoka na magunia yakalala majumbani. Tena ukiteremka kidogo tu kuelekea Arusha utafika Magugu, kwenye mchele unaosifika nchi nzima. Chungu chetu si cha Moshi, wala si cha Kondoa.

Nikatazama lugha, na hapo ndipo nilipochoka kabisa. Kusini mwetu wako Warangi, ambao ni Wabantu. Kaskazini mwetu, kwenye tambarare za Ziwa Manyara, wako Wambugwe, Wabantu pia. Lugha zao ni kama ndugu wa tumbo moja, hata zina tabia ambayo ni nadra katika lugha za Kibantu: katika baadhi ya nyakati, kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata. Katikati ya ndugu hao wawili tumeketi sisi Wagorowa, wenye lugha ya Kikushi. Magharibi kwenye mlima Hanang wako Wabarabaig, mashariki wako Wamaasai, na wote hao ni Waniloti. Ukiongeza Wasandawe wa upande wa Kondoa, ambao lugha yao ina vidoko, unapata jamii zote nne kubwa za lugha za Afrika katika eneo ambalo basi hulimaliza kwa siku moja. Kama mpaka ni mahali ambapo jirani haelewi jirani, basi hapa mpaka uko kila baada ya kilima.

Nakiri kwamba haya yote sikuwafundisha watoto. Katika miaka ya themanini nilikuwa shule moja ya vijijini upande wa Bonga, kwenye barabara ya Kondoa. Nilichora ubaoni mkoa wa Arusha na mkoa wa Dodoma, nikapitisha mstari mnene wa chaki, nikasema, "Huku ni kwetu, na kule ni kwao." Msichana mmoja wa darasa la nne akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, bibi yangu yuko kwao?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae chini. Alikaa, na hakuuliza swali lingine mwaka ule.

Nilipomsimulia mke wangu jioni ile, hakucheka. Yeye alikuwa Mrangi wa Bereko.

Nilimwoa mwaka 1976. Baba yangu hakukataa, lakini alisema kwa sauti ya chini kwamba Bereko ni mbali. Kwa miguu haikuwa mbali hata kidogo. Watu walikuwa wakienda na kurudi na mbuzi wao tangu zamani. Hata majeshi yalipita njia hiyo. Aprili 1916 askari wa Jenerali van Deventer walitoka upande wa Arusha, wakapita Ufiome, ndiyo Babati hii, wakaiteka Kondoa-Irangi kutoka kwa Wajerumani. Umbali alioutaja baba haukuwa wa miguu. Mke wangu aliuvuka, akajifunza Kigorowa, akalima Maisaka miaka arobaini na mitano. Wanetu aliwasemesha Kirangi wakati mimi sipo. Hilo nililijua nikalinyamazia.

Alifariki mwaka 2021. Kabla maiti haijatoka hospitali, shemeji zangu walifika kutoka Bereko na ombi: dada yao arudi akazikwe kwao, kando ya mama yao. Ukoo wangu ukasema mke huzikwa kwa mume. Tulikaa uani tangu asubuhi. Sauti zikapanda, na wazee wa pande zote mbili wakaanza kunitazama mimi.

Nikasimama. Ningeweza kusema yote niliyokuandikia hapa, ya tembe na uwele, na ya Wambugwe na Warangi. Badala yake nilisema, "Huyu ni wa huku. Sisi ni watu wa Kaskazini, tuna taratibu zetu."

Shemeji yangu mkubwa, mtu wa maneno machache, alingoja kimya kirudi. Kisha akasema, "Mwalimu, dada alituambia siku zote kwamba nyumbani kwako hakuna mpaka. Leo umeuchora mwenyewe, na umemweka yeye upande mmoja na sisi upande mwingine."

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka yule msichana wa darasa la nne, na nikajua jinsi alivyojisikia nilipomwambia akae chini. Nikakaa chini.

Binti yetu mkubwa ndiye aliyetutoa pale. Alisema mama yake alikuwa amemwambia, miezi kadhaa kabla, azikwe karibu na shamba lake la mbaazi, maana hapo ndipo alipomaliza nguvu zake. Shemeji zangu walipolisikia kutoka kinywani mwa mpwa wao walikubali, ila kwa sharti kwamba arobaini ifanyike Bereko. Niliomba radhi mbele ya wote. Kwa mtu aliyezoea kushika kiboko na daftari la mahudhurio, si kazi rahisi, lakini niliifanya, na shemeji mkubwa akanishika mkono.

Siku ya arobaini tulikwenda kwa magari mawili. Barabara ya lami kutoka Babati hadi Dodoma, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, mwaka uleule wa swali la mjukuu. Nilikaa dirishani nikitafuta mahali Kaskazini inapoishia. Niliona mashamba ya mahindi, kisha mashamba ya mahindi tena. Niliona nyumba za bati upande huu, na nyumba za bati upande ule. Tembe hazipo tena, si kwao wala si kwetu. Tulipofika, akina mama walikuwa wamesonga ugali wa uwele, na wanangu, watu wazima wenye mvi, walianza kuzungumza Kirangi na wajomba zao bila kunitazama.

Siku hizi naona vijana wa Maisaka wakielekea Dodoma kwa shughuli ambazo zamani tulizifuata Arusha, kwa kuwa serikali imehamia huko na barabara ni nzuri. Huenda baada ya miaka hamsini mtu wa hapa ataulizwa kanda yake na kujibu "Kati" haraka haraka, kama nilivyojibu mimi "Kaskazini". Naye atakuwa na ramani za kumtetea. Namwomba tu aangalie kwanza ni nani aliyeketi kibarazani.

Mjukuu wangu alinipigia simu mwaka jana, sasa ni mfanyakazi. Nikamwambia lile jibu la 2018 nimelifuta, na akiulizwa tena aseme anatoka Babati. Na anayetaka kujua zaidi amkaribishe aketi, maana jibu lake ni refu, na linaanza na bibi yake.