Filamu Tatu Tunazozipenda Kuliko Zote



Tunapokuwa likizo parokiani, swali moja halikosekani kwenye jumuiya ndogo ndogo: "Frateri, huko seminarini mnaruhusiwa kutazama filamu?" Tunaruhusiwa. Jumamosi usiku tunatandaza shuka jeupe ukutani, tunawasha projekta, na anayejua lugha anawatafsiria wengine kwa sauti kama wale watafsiri wa vibanda vya video, mpaka wenzake wamnyamazishe.

Sisi wa mwaka wa tatu wa falsafa tumetazama nyingi, lakini tatu ndizo tumezirudia mwaka huu. Sababu ni kwamba kabla ya mwaka kwisha kila mmoja wetu ataandika kwa mkono wake barua ya kuomba kuendelea na teolojia, au ataeleza kwamba haendelei. Hakuna wa kumwandikia mwenzake.

Ya kwanza ni Des hommes et des dieux, iliyoongozwa na Mfaransa Xavier Beauvois mwaka 2010. Inasimulia habari za kweli za watawa Watrapisti wa Tibhirine, nchini Algeria. Wanasali, wanalima, wanauza asali, na Bruda Luc anawatibu wanakijiji, ambao ni Waislamu. Vita vinapokaribia, mkuu wao, Christian, anakataa ulinzi wa jeshi bila kuwauliza wenzake, nao wanamlalamikia waziwazi. Wanaketi mezani na kila mmoja anasema lake: huyu anataka kuondoka, yule kubaki, mwingine hajui. Bruda Christophe anamlilia Mungu usiku chumbani mwake.

Tunaipenda kwa sababu haimharakishi mtu. Mwenye hofu hachekwi wala hahubiriwi. Anaachiwa muda, naye anaendelea kulima na kusali pamoja na wengine. Watawa wanapojilinganisha na ndege walio juu ya tawi, wasiojua kama wataruka, mama mmoja wa kijiji anawajibu kwamba ndege ni wanakijiji, na tawi ni wao watawa. Wanapokutana tena kuamua, wote wanabaki. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi 1996 saba kati yao walitekwa, na baadaye wakauawa. Tarehe 8 Desemba 2018 walitangazwa wenyeheri huko Oran, pamoja na mashahidi wengine 12 wa Algeria.

Ni rahisi kutoka kwenye filamu hiyo ukidhani kwamba kubaki ni ushujaa na kuondoka ni woga. Mwaka huu mwenzetu mmoja ameondoka. Alisali kwa miezi, akazungumza na mlezi wake wa kiroho, akatuaga mmoja mmoja. Baadhi ya watu nyumbani kwao wanamwona kama aliyeshindwa. Sisi tuliokaa naye meza moja tunajua kwamba aliamua kwa moyo mtulivu kuliko baadhi yetu tuliobaki. Mtu anaweza pia kubaki kwa woga, akihofia maneno ya ndugu na macho ya parokia.

Kwa hiyo tunaipenda pia A Man for All Seasons, ya Fred Zinnemann, iliyotoka mwaka 1966 na kupata tuzo sita za Oscar, ikiwemo ya filamu bora. Mtakatifu Thomas More alikuwa mlei: mume, baba, mwanasheria, na Mkuu wa Sheria wa Uingereza. Hakukubali kula kiapo alichokitaka Mfalme Henry VIII, na tarehe 6 Julai 1535 akakatwa kichwa. Sehemu inayotugusa ni pale familia yake inapomtembelea gerezani. Binti yake Margaret, anayempenda sana, anajitahidi kumshawishi aape ili arudi nyumbani. Mkewe Alice ana hasira, kwa kuwa haelewi kwa nini aachwe mjane. More hawakemei. Anawabembeleza, analia nao, lakini hawaachii dhamiri yake waibebe wao. Wapendwa wazazi, nasi tunawapenda vivyo hivyo. Tukiwaambia jibu msilolitarajia, lipokeeni.

Ya tatu ni Babettes gæstebud, ya Mdenmark Gabriel Axel, ya mwaka 1987. Imetokana na hadithi ya Karen Blixen, yule aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong, Kenya. Babette, mkimbizi kutoka Paris, ni mpishi wa dada wawili wazee katika kijiji cha wacha Mungu waliokauka kwa ugomvi wa zamani. Anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, na zote anazimaliza kwa karamu ya usiku mmoja. Wageni wameapa kutosema neno lolote juu ya chakula, lakini kabla meza haijaondolewa wamekwisha kusameheana. Baba Mtakatifu Fransisko aliitaja filamu hii katika Amoris Laetitia, namba 129.

Tukihesabu tulichoacha ili tuje hapa, au mwenzetu akihesabu miaka aliyokaa nasi, tunamkumbuka Babette. Dada wale wanasikitika kwamba sasa atakuwa maskini maisha yake yote, lakini yeye hajioni maskini. Alitoa kila kitu kwa furaha, akiwa anajua anachokifanya. Hivyo ndivyo tungependa kuandika barua zetu, zile za kuendelea na zile za kuaga.

Tunaomba sala zenu. Na kama parokia yenu ina projekta, anzeni na ya Babette. Ila kuleni kwanza, maana karamu ile haitazamwi na mwenye njaa.