Vivuli vya eosinofili: kutoka eksirei hadi CT

Mwaka 1932, daktari Wilhelm Löffler wa Zurich alieleza wagonjwa ambao eksirei zao za kifua zilionyesha vivuli vilivyohamahama, kisha vikatoweka vyenyewe, huku damu yao ikiwa na eosinofili kupita kiasi. Hizo ni seli nyeupe zinazoongezeka mwili unapopambana na minyoo au mzio. Baadaye ilibainika kuwa mara nyingi chanzo ni mabuu ya minyoo ya askarisi yanayopita mapafuni. Kwa miaka mingi maradhi mengi ya jamii hiyo yalitiwa kapu moja.

Mwaka 1969 Carrington na wenzake walitenga nimonia sugu ya eosinofili. Vivuli vyake hushika pembezoni mwa mapafu, hasa sehemu za juu, na kuacha katikati. Alama hii ni muhimu mno, kwa kuwa mgonjwa anayekohoa kwa miezi, akikonda na kutokwa jasho usiku, hudhaniwa upesi kuwa na kifua kikuu. Lakini eksirei huonyesha kifua kizima katika bapa moja: kivuli kilichoko mbele au nyuma huonekana kana kwamba kiko katikati. Picha za CT (tomografia ya kompyuta) zenye vipande vyembamba, zilizoenea miaka ya 1980, ziliondoa utata huo.

Nimonia kali ya eosinofili ilielezwa mwaka 1989. Humpata mtu ghafla, mara nyingi aliyeanza kuvuta sigara karibuni. CT huonyesha weupe hafifu pande zote mbili, kuta nene kati ya vijisehemu vya mapafu, na maji kwenye utando wa mapafu, japo moyo ni mzima. Damu inaweza isionyeshe eosinofili nyingi mwanzoni; hupatikana katika maji yaliyotumika kuosha mapafu.

Mzio wa kuvu ya aspagilasi kwa wenye pumu hutanua mirija ya hewa ya katikati na kuijaza makohozi, wakati mwingine mazito kuliko misuli kwenye picha. Ugonjwa wa Churg na Strauss, yaani uvimbe wa mishipa ya damu unaoambatana na eosinofili nyingi, ni mgumu kutambua: vivuli vyake hufanana na vya nimonia sugu, na ushahidi hutafutwa kwenye neva, ngozi na pua. Katika utafiti wa Johkoh na wenzake wa mwaka 2000, wenye wagonjwa 111 wa maradhi ya mapafu ya eosinofili, wasomaji wa CT walipata jibu sahihi kwa asilimia 61 tu.

Eosinofilia ya tropiki, inayotokana na vimelea vya matende (filaria), huonyesha vinundu vidogo vilivyotawanyika. Hapo daktari hutegemea makazi ya mgonjwa, kingamwili za filaria, na nafuu baada ya dawa ya DEC (diethylcarbamazine).